Maji Baridi Hayajali Kama Ulikulia Ziwani

Shuleni tulifunzwa kwamba "maji baridi" ni maji yasiyo na chumvi. Ziwa Victoria, maji baridi. Mto Tana, maji baridi. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa alama yako na maisha yanaendelea. Lakini kuna maji baridi ya mtihani, halafu kuna maji baridi ya ukweli, yale yanakunyang'anya pumzi kabla hujasema "uwi". Leo naongea kuhusu hayo ya pili.

Najua mnashangaa. Huyu si ndiye hutupea stori za rent, za mat za usiku na za kuacha chuo mwaka wa tatu? Kayaki na yeye wapi na wapi? Tulieni. Sababu ni brathe wangu.

Brathe ndiye firstborn wetu. Yuko Minnesota, Marekani, mwaka wa nne sasa, anatunza wazee kwenye makao yao, mara nyingi shifti za usiku. Sisi asili yetu ni Mbita, na yeye ndiye aliyekuwa akienda ziwani na babu. Mimi nilikuwa nabaki ufuoni nahesabu ngege. Juzi akahamia Duluth, mji ulio kwenye ncha ya magharibi ya Lake Superior. Kwa eneo, hilo ndilo ziwa kubwa zaidi la maji yasiyo na chumvi duniani. La pili ni letu, Victoria. Kwa hivyo mtu wetu ametoka kwa namba mbili akaenda kwa namba moja, na akajisikia amefika nyumbani. Akanunua kayaki ya mitumba, ile ya kukaa juu, na fimbo mbili za kuvulia. Akanitumia ujumbe wa sauti anacheka: "Mdogo wangu, nimepata ziwa langu."

Mathe aliusikiza huo ujumbe mara mbili, akauliza kitu kimoja tu: "Hayo maji yakoje?"

Hilo swali ndilo lilinifungulia hii safari yote. Nikaanza kutafuta, na nilichopata kilininyima usingizi.

Ziwa Victoria juu yake huwa karibu nyuzi 25 mwaka mzima. Ukianguka ndani, shida yako ni kama unajua kuogelea au hujui, mawimbi, umbali, na pengine kiboko. Lake Superior mwezi wa Mei linaweza kuwa na nyuzi 4. Unajua pale chini kwa friji unapoweka maziwa? Ndiyo baridi hiyo. Na hapo ndipo mtego uko: mwezi huo huo, hewa ya Duluth inaweza kufika nyuzi 20 na zaidi, jua limewaka, watu wamevaa tisheti. Ukiangalia kutoka ufuoni unaona siku poa ya kuvua. Ziwa halisomi hali ya hewa kwa simu. Lina kina cha hadi mita 406, kitu kama mara tano ya Victoria, na maji mengi hivyo huchukua miezi kupata joto.

Nikampigia brathe. Nikamuuliza akipinduka atafanya nini. Jibu lake mnalijua, ju ni jibu la kila mwanaume aliyekulia karibu na maji: "Mimi naogelea tangu nikiwa na miaka sita."

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane, hata wewe ambaye hutawahi kuona Minnesota. Kujua kuogelea na kujua baridi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna profesa wa Kanada anaitwa Gordon Giesbrecht, wa Chuo Kikuu cha Manitoba. Huyu mzee amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi sana ili aelewe mwili unafanya nini. Yeye hufundisha kwa namba tatu ambazo hata ukiwa na hofu unaweza kuzikumbuka: 1, 10, 1.

Dakika 1 ya kwanza ni ya mshtuko. Ngozi ikipigwa na baridi ghafla, unavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, halafu unaanza kuhema mbio mbio. Moyo unakimbia, presha inapanda. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati ile pumzi inakuja, unavuta maji. Hapo ndipo waogeleaji wazuri huenda, wakiwa na nguvu zao zote, hata mita chache kutoka kwa chombo chao. Mwili haujapoa bado. Ni pumzi tu imekataa kukusikiza. Kazi yako katika hiyo dakika si kuogelea. Kazi yako ni kukaa juu ya maji na kungoja pumzi irudi.

Dakika 10 zinazofuata ndizo za mikono. Damu inakimbilia katikati kulinda moyo na viungo vya ndani, vidole na mikono inaachwa ijipange. Vinaanza kuwa kama vya mtu mwingine. Kama kuna kitu muhimu cha kufanya, kurudi kwa kayaki, kubonyeza redio, kukata kamba, kifanye ndani ya hizo dakika.

Saa 1 ndiyo muda unaokadiriwa kabla mwili upoe hadi upoteze fahamu. Hiyo inaitwa haipothemia. Wengi tukisikia maji baridi tunafikiria hiyo peke yake, kumbe ni ya mwisho kwa foleni. Na hiyo saa unaipata tu ikiwa umevaa jaketi la kuokoa maisha. Bila jaketi, dakika ya mshtuko au zile kumi za mikono zitakumaliza kabla ufike huko.

Mimi ni mtu wa kujaribu. Nilinunua barafu kwa muuza samaki, nikajaza karai maji, nikatumbukiza mkono mmoja tu huku rafiki yangu akishika saa. Dakika tatu. Uchungu ulifika hadi kwa mfupa. Nikautoa, nikajaribu kufungua kibano cha plastiki cha mkanda wa begi, kile tunafungua bila kuangalia kila siku. Vidole vikaniangalia. Nikajaribu kuandika neno la siri kwa simu, simu ikanikataa mara tatu. Huo ni mkono mmoja, nimekaa kwa kiti, nyumbani, nacheka. Sasa piga picha mwili mzima, kwa mawimbi, peke yako. Na tafadhali, usiruke ndani ya pipa la barafu peke yako ukitafuta laiki. Karai linatosha kukupa ujumbe.

Lakini mimi siwezi kumwambia mtu afanye kitu ambacho sijawahi kufanya, ataniambia niache kelele za intaneti. Kwa hivyo Julai, wakati wa baridi yetu, nilipanda mat hadi Sagana, mahali watu huenda kuteleza mtoni na maboti ya mpira. Nikajilipia siku mbili za kufunzwa kayaki. Maji ya huko si ya Superior, lakini yanatoka milimani na asubuhi yanakusalimia vizuri.

Kocha wetu, kijana wa hapo hapo, alianza na kitu ambacho sikutarajia. Kabla hata hajatufunza kupiga kasia, alituambia tupinduke. Makusudi. "Leo ndio siku ya kuanguka, mkiwa na mimi," akasema. "Siku utaanguka peke yako isiwe siku yako ya kwanza."

Kurudi juu ya kayaki kunaonekana rahisi kwa video. Si rahisi. Wengi wetu tulijaribu kujivuta kwa mikono kama mtu anapanda ukuta, na kayaki ikatupindukia kichwani. Siri haiko kwa mikono, iko kwa miguu. Inaenda hivi:

Kwanza, usiiachilie kayaki. Kamwe. Ikiwa tupu, upepo unaisukuma haraka kuliko unavyoogelea, na yenyewe ndiyo kitu kikubwa kinachoelea na kinachoonekana kutoka mbali.

Pili, shika na utulie mpaka pumzi irudi.

Tatu, kama imelala kifudifudi, pitisha mkono juu ya tumbo lake, shika ukingo wa upande wa pili au mkanda wake, na ujiangushe nyuma ili uzito wako uigeuze.

Nne, kaa katikati karibu na kiti, nyoosha mwili ulale juu ya maji, piga miguu kwa nguvu kama unaogelea, na jisukume ulale kifua na tumbo juu ya kayaki. Usijaribu kukaa bado.

Tano, geuka polepole hadi makalio yaingie kwa kiti. Miguu inaingia mwisho. Kocha alikuwa anaimba tu: tumbo, makalio, miguu. Tumbo, makalio, miguu.

Nilifaulu mara ya nne. Jioni nilikuwa nafanya bila kufikiria, na mabega yaliniuma siku tatu. Wale mnaopenda kuniuliza lini nitamaliza kozi, basi hii nimemaliza.

Nilirekodi kila kitu nikamtumia brathe. Akajibu na emoji ya kicheko. Halafu baada ya siku mbili akapiga. Alikuwa ameanza kujisomea pia, na amepata darasa la kayaki huko kwao, lenye zoezi la kuanguka na kurudi, linalofanywa kwanza kwenye bwawa la kuogelea lenye maji ya moto. Akajiandikisha. Tangu hapo tukawa tunasoma pamoja, yeye Duluth mimi Nairobi, tukitofautiana saa nane, yeye anatoka shifti mimi nikila lunchi.

Alinifunza kwamba kuvua kunaongeza hatari ambazo mpiga kasia wa kawaida hana. Una ndoana. Una mishipi inayoweza kukufunga miguu ukipinduka, kwa hivyo kisu kidogo au kikatio kinakaa kwenye jaketi, si ndani ya boksi. Una samaki anayevuta upande mmoja na wewe unamwinamia. Una nanga, na ukiifunga ubavuni wakati maji yanakimbia, kayaki inaweza kuvutwa upande na kupinduka. Nanga inafungwa mbele au nyuma, na kwa njia unayoweza kuiachilia haraka. Vitu vyote vinafungwa kwa kayaki isipokuwa vya kukuokoa. Redio ya VHF isiyoingia maji, filimbi na kisu vinakaa mwilini mwako, ju kayaki inaweza kukuacha. Huko Marekani chaneli ya dharura majini ni ya 16, walinzi wa pwani huisikiliza. Simu nayo inawekwa kwa mfuko usioingiza maji, lakini kumbuka vidole vyangu kwa karai. Usiweke maisha yako yote kwa kioo cha kugusa.

Halafu tukafika kwa nguo, na hapo ndipo stori ikawa ngumu.

Sheria ya watu wa maji baridi ni moja: vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa. Jinsi na hudi ya pamba zikilowa hazikupi joto, zinakuwa mzigo. Kuna suti ya mpira kama ya wapiga mbizi, ambayo inashika maji kidogo karibu na ngozi na mwili unayapasha. Na kuna suti isiyoingiza maji kabisa, yenye mpira wa kubana shingoni na mikononi, unavaa nguo za joto ndani yake. Kwa nyuzi 4, hiyo ya pili ndiyo ya maana. Bei yake ni mamia ya dola, na nyingine zinapita elfu moja.

Brathe akasema atanunua mwaka ujao. Nikamuuliza kwa nini. Akanyamaza, halafu akasema, "Unajua hesabu yangu."

Naijua. Sote tunaijua, kila mtu mwenye ndugu majuu. Ile pesa ya suti ni rent ya mathe. Ni fees ya binamu zetu wawili. Ni mabati ya nyumba ya Mbita. Kila mwezi tarehe tano pesa inaingia na sisi tunasema asante, Mungu akubariki. Hatuulizi yeye anaishi aje huko. Mtu anafanya kazi usiku wiki nzima, raha yake moja ni kukaa juu ya maji asubuhi na fimbo mkononi, na anaifanya akiwa na tisheti kwa sababu ameshatuvalisha sisi.

Nilimwambia mathe. Sikumficha kitu, nilimweleza ile dakika ya kwanza, ile ya pumzi. Alikuwa anachambua sukuma wiki. Akamaliza fungu lote bila kusema neno. Halafu akasema, "Mwambie mwezi huu asitume. Na unaofuata pia. Tutakula omena."

Brathe alikataa, wakabishana kwa simu, mathe akashinda kama kawaida. Mimi nililipa rent ya mwezi mmoja kwa pesa ya tangazo nililofanya. Suti ilifika Agosti, ya rangi ya machungwa, ju rangi ya kuonekana nayo ni usalama. Akaivaa sebuleni akatupigia video. Anafanana na fundi wa stima. Mathe alicheka hadi akafuta macho.

Maoni yangu ni haya, na mkitaka mnirushie mawe: tukiwa watu wa kupokea, tuwe pia watu wa kuuliza. Pesa ya kutumwa nyumbani isiwe sababu ya mtu wetu kukosa kofia ya kazi, bima, au suti ya maji. Harambee ya kurudisha mwili kutoka majuu tunaijua vizuri sana. Inachangwa kwa mamilioni, wiki mbili, kila kundi la WhatsApp. Harambee ya kumzuia mtu asife hatujazoea kuifanya, na yenyewe ni bei rahisi.

Kitu cha mwisho tulipanga ni karatasi. Kabla hajaingia majini anaandika anaondokea wapi, anaelekea wapi, kayaki ya rangi gani, atatoka saa ngapi, na saa ngapi tukikosa habari zake tupige simu. Anayekaa zamu ya kwanza ni mtu anayeishi naye Duluth. Mimi ni wa pili, na hapa kuna kitu ambacho watu wengi wenye familia nje hawajafikiria: ukiwa Nairobi ukipiga 911, haikupeleki Minnesota. Unahitaji nambari ya kawaida ya kitengo cha dharura cha eneo lake, yenye +1 mbele. Nimeihifadhi. Kama una mtu nje, tafuta ya kwao leo.

Na akitolewa majini akiwa amepoa, wanaomsaidia wanajua: mlaze, mshike polepole, mvue nguo zilizolowa, mfunike na blanketi. Usimsugue mikono na miguu. Usimpe pombe, hata kama kila mjomba anaapa inaleta joto. Akiwa macho kabisa na anameza vizuri, kitu cha moto chenye sukari ni sawa.

Sasa rudi nyumbani. Utasema, sisi Kenya hatuna maji kama hayo. Kwanza, tunayo. Juu kule Mlima Kenya kuna maziwa kama Rutundu na Alice, watu hupanda kwenda kuvua trauti, na hayo maji hayacheki na mtu. Pili, hata kwa Victoria lenye joto, mambo mengi ya hapa hayabadiliki. Jaketi linavaliwa, halikaliwi kama mto. Usishindane na maji, elea kwanza upate pumzi. RNLI, shirika la kuokoa watu baharini huko Uingereza na Ireland lililoanza mwaka 1824, hufundisha hivyo hivyo: lala nyuma, masikio yaingie majini, tembeza mikono taratibu, tulia, halafu ndio uite msaada au uogelee. Hiyo inafanya kazi Dunga, inafanya kazi Nyali, inafanya kazi Duluth.

Babu alivua miaka arobaini bila jaketi na alikufa kitandani mwake, mzee. Brathe hupenda kunikumbusha hilo. Mimi humkumbusha kwamba babu hakuwahi kuingia ziwani kabla ya kusimama ufuoni na kuangalia upepo, na siku upepo ukimwambia hapana, alirudi nyumbani akalala. Huo ulikuwa ujuzi wake wa usalama, wa maji yake. Maji yakibadilika, ujuzi nao unabadilika.

Jumapili iliyopita brathe alituma picha ya samaki mmoja, trauti wa ziwa, si mkubwa hata. Mathe hakuangalia samaki. Alivuta picha kwa vidole viwili akaangalia kama jaketi limefungwa hadi juu. Lilikuwa limefungwa.